Nakala kwa Mwenyekiti wa Soko

Elkana Obuya,
Ghorofa ya Nne, Nyumba za Bw. Kibe,
Kangemi, Nairobi.
3 Machi 2025

Kwa Bi. Lornah Obuya,
Jamhuri,
kwa mkono wa dada yako, Phoebe.

Mpendwa mke wangu, Mama Ivyne,

MINTARAFU: JAMBO NILILOLISHUHUDIA KWA MACHO YANGU KATIKA SOKO LA KENYATTA

Natumai waraka huu utakukuta katika afya ya kuridhisha, kwa kadiri ugonjwa wako wa neva, huo wa MS, unavyoruhusu. Mimi ni mzima, isipokuwa pumu, ambayo naidhibiti kwa vidonge vyangu vya kila asubuhi kama unavyojua. Ningeweza kukupigia simu, lakini neno la simuni hupeperuka, ilhali neno la karatasini hukaa mahali pake na kumsubiri mwenyewe.

Mwezi Januari nilikubali uhamie kwa Phoebe kwa kuwa nyumba yake haina ngazi, na ngazi zetu zimekuwa mateso kwa miguu yako. Nilikubali suala la ngazi. Mengineyo sikuyakubali.

Siku ya Ijumaa niliomba ruhusa kule stoo, Westlands, nikaja sokoni wakati wa chakula cha mchana bila kukuarifu. Nilikuwa nimekununulia viatu visivyo na kamba, kwa kuwa niligundua kwamba vidole vyako havipendi tena kufunga kamba. Pale Saluni ya Bi. Mukonyo, unakosukia, niliambiwa umetoka. Nikakuona upande wa nyama choma. Mkono wako ulikuwa juu ya bega la mwanamume aliyevaa aproni nyeupe, nanyi mlitembea polepole kama maarusi wanaoingia kanisani. Kisha alikukatia nyama, akasema jambo, nawe ukacheka hata ukashika meza.

Kicheko hicho sijakisikia tangu Ivyne aende shule ya bweni. Mimi nikikuuliza unajisikiaje, unanijibu, "Niko tu." Mbele ya mwanamume yule hukuwa "uko tu".

Niliondoka na viatu vyako mkononi. Viko hapa nyumbani.

Naomba maelezo kamili kwa maandishi: ni nani yule, mmejuana tangu lini, na kwa nini iwe bega lake.

Wako katika ndoa takatifu,
Elkana Obuya

Nakala: Jalada.


Jamhuri,
6 Machi 2025

Baba Ivyne,

Salamu nyingi. Ati "Nakala: Jalada". Elkana, jalada lenyewe ni katoni ya sabuni iliyo chini ya kitanda, na ni mimi niliyekuletea.

Nakuandikia kwa sababu nikikupigia unaniambia "weka kwa maandishi" kama hakimu. Leo vidole vinanisikia. Nitaandika mpaka vigome.

Yule mtu anaitwa Mwaura. Miaka yote nimekuwa nikimjua kama mchoma nyama tu, wa kununua mutura, ule utumbo wake wa kujazwa nyama, na kwenda zangu. Novemba nilipokwenda kliniki ya Barabara ya Ngong kuwekewa dripu ya kwanza, nikamkuta kiti cha pili, amegeukia ukuta kama mtu anayejificha. Tulishtuka! Akaniambia, kwa jina wanaloniita sokoni kwa ajili ya kusuka rasta, "Mama Rasta, wewe hujaniona." Nikamwambia, "Nani amekuona? Kwani wewe umeniona?" Basi tukawa marafiki.

Ana MS kama mimi. Mimi umenishika miguu na vidole, yeye umemshika macho. Jicho moja anasema ni kama anatazama kupitia mvuke wa chai. Tukitembea, mimi namwambia palipo na shimo, yeye ananizuia nisianguke. Tukijumlishwa tunatoa mtu mmoja mzima. Hilo ndilo bega uliloliona. Na kicheko ni kwamba asubuhi hiyo alikuwa amekaribisha paja la mbuzi lililotundikwa, "Karibu kiti, boss," akidhani ni mteja mrefu. Wewe usingecheka?

Sasa nikueleze na mengine, kwa sababu najua utachimba. Pale kliniki kuna utafiti. Dawa yetu inaondoa aina fulani ya seli za kinga. Seli za kinga ni askari wa mwili, lakini zetu zilikosea, zikaanza kula utando unaofunika neva zetu wenyewe. Sasa daktari, anaitwa Wanjugu Kiragu, hututoa damu kila tukienda, aone ni seli gani zinarudi baada ya zile kuondolewa. Anasema damu yetu ilikuwa na seli nyingi zenye kumbukumbu, zinakumbuka adui ambaye hakuwahi kuwapo. Tunaomba zinazorudi ziwe changa, ambazo hazijafunzwa ugomvi. Na kila mgonjwa huulizwa kama ana mtu asiye mgonjwa wa nyumba moja naye, anayekula anachokula, aje atolewe damu ya kulinganisha. Mwaura alimleta mkewe, Becky. Mimi sikuleta mtu. Usiniulize sababu. Siku yake itafika.

Kitu kimoja, Baba Ivyne, na hapa sifanyi mzaha. Sokoni hakuna anayejua. Mama Mukonyo anadhani ni mgongo. Mteja akisikia msusi ana ugonjwa wa neva atadhani utampanda kichwani kupitia kitana. Na Mwaura anashika kisu kutwa nzima kwa jicho moja. Nikipoteza kile kiti cha saluni, kwa vidole hivi, nani mwingine atanipa kingine? Weka mdomo kufuli.

Viatu niletee, nimevipenda kabla sijaviona.

Lornah


Elkana Obuya,
Kangemi, Nairobi.
12 Machi 2025

Kwa Dkt. Wanjugu Kiragu,
Mtafiti Mkuu,
Utafiti wa Mabadiliko ya Seli za Kinga kwa Watu Wenye Ugonjwa wa MS,
Barabara ya Ngong, Nairobi.

Mheshimiwa Daktari,

MINTARAFU: OMBI LA KUTENGANISHWA KWA WASHIRIKI WAWILI WA UTAFITI ULIOTAJWA HAPO JUU

Mimi niliyetia sahihi hapa chini ni mtunza stoo katika jengo moja la afisi huko Westlands, na ni mume wa ndoa. Kwa heshima na taadhima naleta mbele yako ombi hili, baada ya kulitafakari na kulinakili upya mara kadhaa ili lisiwe na doa la hasira.

Miongoni mwa washiriki wako yumo msusi mmoja wa Saluni ya Bi. Mukonyo, Soko la Kenyatta, ambaye ni mke wangu halali. Jina lake nalihifadhi kwa sababu za staha. Yumo pia mchoma nyama mmoja wa soko hilo hilo, ambaye naye sitamtaja, ingawa ana tatizo la jicho na hujulikana kwa mutura wake. Wawili hawa huwekewa dripu siku moja, katika viti vinavyopakana. Baada ya hapo huonekana hadharani, mkono wa mmoja ukiwa juu ya bega la mwenzake.

Nimepewa maelezo. Maelezo yenyewe ni kwamba mmoja hana miguu, mwingine hana macho. Naomba nieleweke, Daktari: sikatai kwamba ni wagonjwa. Ninachokilalamikia ni kwamba wanaugua pamoja. Nimeishi na mwanamke huyu tangu Ivyne wetu hajazaliwa. Najua upande anaolalia na wimbo anaouimba akiosha mchele. Lakini wewe sasa unajua yaliyomo ndani ya damu yake, na mchoma nyama anajua namna miguu inavyowaka moto usiku, na mimi ninachokijua ni kwamba kikombe kimeanguka. Nikiuliza kwa nini kimeanguka, naambiwa ni bahati mbaya. Mchoma nyama haulizi. Anajua.

Kwa hiyo naomba, mosi, siku ya dripu ya mchoma nyama ihamishwe mbali na ya mke wangu. Pili, nielezwe kwa nini mimi, mtu mzima wa nyumba hiyo, sikuitwa kutoa damu ya kulinganishwa na yake, hali mke wa mchoma nyama aliitwa. Damu yangu ipo. Haijaombwa.

Nikitarajia jibu lako la hima, nabaki mtiifu wako,
Elkana Obuya

Nakala: Bw. Mwenyekiti, Wafanyabiashara wa Soko la Kenyatta.
Bi. Mukonyo, Mwenye Saluni.
Mchungaji wetu, Kangemi.
Jalada.


Barabara ya Ngong,
17 Machi 2025

Bw. Obuya,

Barua yako imefika. Sheria za utafiti haziniruhusu kukuambia ni nani yumo na ni nani hayumo, hata kama ni mkeo, na hata kama wewe mwenyewe umeniandikia kwamba yumo. Kwa sababu hiyo siwezi kuhamisha siku ya mtu ambaye siwezi kukiri kwamba namfahamu.

Kuhusu watu wa kulinganishwa, ninaweza kusema jambo la jumla tu. Zipo sababu nyingi za mtu kutochukuliwa, na katika hizo zote hakuna hata moja iliyo tusi.

Unasema ninajua yaliyomo ndani ya damu. Ninachokijua ni kidogo kuliko unavyodhani. Naweza kuona kwamba aina fulani ya seli imepungua na nyingine imeongezeka. Siwezi kuona kilichomchekesha mtu sokoni. Katika hilo mimi na wewe tuko sawa.

Lakini lililonifanya nikuandikie hasa ni hili. Chini ya barua yako naona orodha ya nakala. Nakuomba sana: kama hujazituma, zichane. Kama umezituma, zifuate leo hii, kwa miguu ikibidi.

Dkt. Wanjugu Kiragu


Jamhuri,
18 Machi 2025

Obuya,

Nakwambia ilivyokuwa, kwa sababu unapenda mambo yawekwe kwa maandishi.

Jumamosi saluni ilijaa. Mwenyekiti akatuma bahasha, Mama Mukonyo akavaa miwani akaisoma kwa sauti, akidhani ni kanjo, wale wa kaunti, tena kuhusu maji. "Utafiti wa Mabadiliko ya Seli za Kinga kwa Watu Wenye Ugonjwa wa MS." Akasogeza karatasi karibu na macho. "Msusi mmoja wa Saluni ya Bi. Mukonyo, ambaye ni mke wangu halali." Akavua miwani akatutazama. Tuko wasusi watatu, Obuya. Mmoja hajaolewa, mwingine ni mjane. Jina umelihifadhi kwa staha!

Nilikuwa nimemsuka Syokimau nusu ya kichwa. Akauliza polepole, "Aunty, hiyo MS inashika kwa nywele?" Nikamwambia haiambukizi, si ugonjwa wa kupeana. Akasema, "Si nauliza tu." Akavuta kitambaa kwenye mkoba, akajifunga, akasimama. Aliondoka na nusu ya kichwa. Aliona ni afadhali avuke soko zima hivyo kuliko vidole vyangu vimguse tena.

Mama Mukonyo hakunifokea. Alisema, "Lornah mama, pumzika kidogo, maneno yapoe." Kiti changu kimekaliwa na mwingine tayari.

Upande wa pili mwenyekiti alimwambia Mwaura aweke kisu chini, mbele ya wateja. Aliweka. Akavua aproni, akaikunja vizuri. Mmoja akapiga kelele, "Kwani hii nyama tulikuwa tunakatiwa na kipofu?" Watu wakacheka. Mwaura pia akacheka, na hicho ndicho kicheko ambacho sitaki kukisikia tena.

Nilikuomba kitu kimoja.

Yule daktari anahangaika na sindano akitafuta seli inayoshambulia nyumba yake yenyewe huku ikiapa kwamba inailinda. Ningemwambia asihangaike. Anayo moja Kangemi, ghorofa ya nne.

Usiniandikie.

Lornah


Soko la Kenyatta,
2 Aprili 2025

Bwana Obuya,

Sasa? Huyu ni Mwaura. Anayeandika ni Becky, mke wangu, kwa sababu mistari ya karatasi siku hizi inanikimbia. Mimi nasema, yeye anaandika, na akiona nimesema upuzi anaruka.

Jana jioni ulisimama ng'ambo ya barabara pale Jamhuri ukitazama geti la Phoebe. Becky ndiye aliyekuona. Mimi niliona mti. Tulikuwa tumempelekea Lornah supu. Najua ulituona tukiingia, na najua ulivyojisikia, kwa hiyo acha nikuambie kitu, na Lornah akijua nimekuambia atanipika mimi badala ya mbuzi.

Unauliza kwa nini damu yako haikuombwa. Nilikuwa kiti cha pili, nilisikia. Jina lako ndilo alilotoa la kwanza, hata kabla muuguzi hajamaliza kuuliza. "Mume wangu, Elkana Obuya, ana nguvu kama trekta." Muuguzi akauliza, "Anatumia dawa yoyote?" Akasema, "Vidonge vya pumu tu, kila asubuhi." Muuguzi akaweka kalamu chini. "Pole, huyo hatuwezi kumchukua. Vidonge hivyo vinabadilisha zile zile seli tunazotaka kuangalia." Lornah akasema, "Basi andika sina mtu. Na msimwambie. Namjua. Atatupa vidonge dirishani na kesho atakuwa hapa mlangoni na barua."

Ndiyo hivyo. Alikuficha ili upumue.

Kuhusu kisu, sikulaumu sana. Hata mimi nilikuwa nakiogopa, tena zaidi ya wateja. Lakini ningependa nikiweke chini mwenyewe, siku yangu.

Mwaura

Na mimi Becky naongeza yangu, na hapa hakuna anayeniambia cha kuandika. Mume wangu huja nyumbani akisema "Lornah amesema hivi, Lornah ameelewa vile." Nimetoa damu yangu ilinganishwe na yake, na bado ninapomuuliza kuna nini ndani ya jicho, ananiambia "huwezi kuelewa". Kwa hiyo usidhani wivu ni wako peke yako, Bwana Obuya. Tofauti ni kwamba mimi wangu nimeupeleka jikoni, nikaupikia supu. Wewe wako umeupeleka kwa mwenyekiti.


Elkana Obuya,
Kangemi, Nairobi.
9 Aprili 2025

Kwa Dkt. Wanjugu Kiragu,
Barabara ya Ngong, Nairobi.

Mheshimiwa Daktari,

MINTARAFU: OMBI LA KUKUBALIWA KUWA MTU WA KULINGANISHWA

Narejelea barua yangu ya awali, ambayo naomba ichukuliwe kama haikuandikwa.

Imenifikia kwa njia ninayoiamini kwamba kizuizi cha damu yangu ni vidonge vya pumu. Nafurahi kukuarifu kwamba kizuizi hicho kimeondolewa. Tangu tarehe tatu mwezi huu sijameza hata kimoja. Naamini sasa seli zangu zinarejea katika hali yake ya asili na zitakuwa tayari kwa siku utakayoipanga.

Daktari, sitaki chochote kutoka kwa utafiti wako. Nataka tu kuketi katika chumba kile. Wanapoketi wale watatu, na chupa zao zenye majina, mimi niko stoo nikihesabu balbu. Kama haiwezekani niugue naye, basi naomba angalau damu yangu iwekwe karibu na yake.

Nasikitika kwa mwandiko. Mkono umechoka kuliko kawaida, na ngazi za nyumba hii zimekuwa ndefu ghafla.

Wako mtiifu,
Elkana Obuya

Nakala: Hakuna, isipokuwa Jalada.


Barabara ya Ngong,
10 Aprili 2025

Bw. Obuya,

Nimesoma barua yako sasa hivi. Simu yako inaita bila kupokelewa, kwa hiyo namtuma mtu wa bodaboda na karatasi hii.

Vidonge vile haviachwi kwa ghafla. Mwili uliovizoea ukivikosa unaweza kuanguka. Kama unaweza kusimama, nenda hospitali iliyo karibu nawe mara moja na uwaonyeshe maneno haya. Kama huwezi, mwite jirani.

Hutakuwa mtu wa kulinganishwa, leo wala kesho. Sihitaji damu yako. Kuna mtu anakuhitaji ukiwa unapumua, na nimempigia simu huyo. Sheria zangu zinaniruhusu hilo, na kama hazingeruhusu ningempigia vilevile.

Dkt. Wanjugu Kiragu


Kangemi,
28 Aprili 2025

Mpendwa Lornah,

Uliniambia nisikuandikie. Nimevunja amri hiyo mara hii moja, kwa sababu siku nilipotoka wodini ulinisindikiza hadi kwenye teksi, ukafunga mlango, ukarudi Jamhuri bila neno, na mimi maneno ya mdomoni hunitoka yakiwa yamejikunja.

Bw. Kibe, mwenye nyumba, amenisimulia mlivyopanda siku ile Daktari alipokupigia simu. Alikuwa akitengeneza bomba chini ya ngazi. Anasema alisikia sauti yako ikisema, "Ngazi, Mwaura. Nyingine. Hii imevunjika ukingo, inua mguu." Na sauti yake ikijibu, "Nimeinua. Egemea, Mama Rasta, egemea kabisa." Na Becky nyuma yenu akikusukuma kiunoni na kusema, "Mkianguka mnaniangukia mimi, mjue." Anasema mlipumzika kila ghorofa, na ghorofa ya tatu uliketi chini ukalia kwa hasira, ukaipiga ngazi kwa ngumi, kisha ukasimama. Alitaka kukusaidia, ukamwambia akimbie juu avunje mlango.

Mimi nakumbuka sakafu ya jikoni tu, na ubaridi wake. Kisha nilifumbua macho. Kitu cha kwanza nilichokiona ni mkono wako juu ya bega lake.

Nitakuambia ukweli. Niliona wivu. Pumzi sikuwa nayo, lakini wivu nilikuwa nao. Nilipelekwa hospitali nao. Nimelala nao wodini. Hata sasa uko hapa mezani, kando ya vidonge, na kila asubuhi nikivimeza nauona. Sijui kama utaondoka. Ninachokijua ni kwamba mtu yule ninayemwonea wivu alipanda ngazi asizoziona, kwa ajili ya aliyemnyang'anya kisu.

Wiki iliyopita nilikwenda sokoni. Nilikwenda bila karatasi. Nilianza kwa mwenyekiti, nikababaika mbele yake kama mtoto aliyesahau shairi, kwa kuwa sikuwa na kitu cha kusoma. Nilimweleza kwamba ugonjwa huo hauambukizi, na kwamba nilichokiandika hakikuwa changu kukitangaza. Amemweka Mwaura kwenye jiko, kugeuza, na kijana mwingine anakata. Mwaura anasema moto anausikia kwa masikio, hahitaji jicho.

Kisha nikaingia saluni. Bi. Mukonyo aliponiona alisema kwa sauti kubwa, "Haa! Kumbe wewe ndiye Mintarafu!" Wote wakaangua kicheko. Nilisimama katikati ya vikaushia nywele nikachekwa mpaka walipochoka. Kisha nikasema nililokuja kusema. Yule binti Syokimau alikuwepo. Nusu ya kichwa chake ni kazi yako, na nusu amesukwa na mtu mwingine, na hata mimi nisiyejua mambo hayo niliona kwamba hazifanani. Aliuliza, "Uncle, mwenye nusu hii atarudi lini? Maana hii nyingine inanivuta hadi nyusi." Bi. Mukonyo akasema, "Mwambie arudi mwenyewe. Atakaa, asuke polepole, na hawa wasichana watamfungia ncha. Lakini asitume barua. Barua za nyumba hiyo tumeshiba."

Lornah, naomba mambo mawili. Naomba nihamie Jamhuri, kama Phoebe atakubali. Na siku ya dripu nisiachwe stoo. Sitaingia katika chumba kile nikiwa na chupa yenye jina langu, hilo nimelielewa. Nitaketi nje kwenye benchi. Mtakapotoka, kama upande wako wa kulia ni wa Mwaura kwa sababu ndiko liliko jicho lake zima, mimi naomba wa kushoto, uegemee bega langu.

Vidole vyangu vimezoea kuandika neno fulani mwanzoni mwa barua. Utaona kwamba sikuliandika.

Mumeo,
Elkana

Nakala: Hakuna. Katoni nayo nimempa Bw. Kibe awekee misumari.


Jamhuri,
3 Mei 2025

Baba Ivyne,

Leo vidole vimegoma, kwa hiyo ni fupi. Herufi zikilala, zisome hivyo hivyo zikiwa zimelala.

Nilikwenda dripu juzi. Dkt. Wanjugu amesema seli zilizorudi nyingi ni changa. Hazijui adui yeyote. Nikamuuliza, sasa zitajifunza nini? Akaniambia hicho ndicho wanachokitafuta, hata yeye hajui. Nikamwambia basi tuko wengi.

Sijamaliza kukukasirikia. Nimepanga nikukasirikie ukiwa hapa, ana kwa ana, maana hasira ya kuandika inanichosha mkono. Ukiona wivu, useme kwa mdomo, hapo hapo, hata mbele ya Mwaura. Becky amesema atakuonyesha mahali anapoweka wake. Ni pale karibu na vitunguu.

Jumatatu namalizia kichwa cha Syokimau.

Njoo. Beba vidonge vyako, na sufuria kubwa, maana ile ya Phoebe imepasuka. Bega la kushoto ni lako, na usilitembeze haraka.

Na viatu, Elkana. Tangu Machi nakuambia niletee viatu.

Lornah

Nakala: Phoebe, mwenye nyumba. Amesoma yote, amecheka, na amekubali.